Mapafu Hayazoei: Tuyakinge Kabla Hayajajeruhiwa

Msimu wa mikorosho kutoa maua ukifika, wakulima wa Namasakata na wa vijiji vingine vya mkoa wa Ruvuma huamka alfajiri. Salfa ya unga hupulizwa umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza kuvuma, ili ishike vizuri na kuuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Jua likipanda wapulizaji hurudi nyumbani wakiwa wa njano kuanzia nyusi hadi miguuni, macho yanawasha na kikohozi hakiwaachi. Ukiwauliza, wengi watakujibu, "Tumeshazoea."

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya mapafu, kwa sababu mapafu hayazoei. Huvumilia kwa muda mrefu, kisha siku moja hushindwa. Yakishindwa kwa ghafla, hata hospitali kubwa hupata shida kumwokoa mgonjwa. Ndiyo maana tunasema mapema kabisa kwamba sehemu kubwa ya vita hii hupiganwa nyumbani na shambani.

Mapafu hujeruhiwaje?

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi. Ukuta wa kifuko ni mwembamba sana, na nyuma yake hupita mishipa ya damu myembamba vilevile. Hapo ndipo oksijeni huingia katika damu. Ukuta huo ukijeruhiwa, maji ya damu huvuja na kujaza vifuko. Mgonjwa huhema mbio, lakini hewa anayovuta haifiki kwenye damu. Ni kama mtu anayezama akiwa kitandani, katika maji yake mwenyewe.

Jeraha hilo huweza kuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja: nimonia, matapishi yaliyoingia katika njia ya hewa, mafuta ya taa, moshi mkali, gesi yenye sumu, au kuzama mtoni. Njia ya pili huanzia mbali na kifua: malaria kali, kidonda au kizazi kilichooza baada ya kujifungua hata sumu ikaenea katika damu, au ajali mbaya ya pikipiki. Ndiyo sababu mama aliyejifungua salama wiki iliyopita anaweza kuanza kwa homa na kumaliza kwa kukosa pumzi.

Watafiti wamegundua nini?

Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 12 katika jarida la Lancet. Wagonjwa hao walikuwa na magonjwa na ajali tofauti, lakini mapafu yao yote yalishindwa kwa namna moja. Tangu hapo dawa nyingi zimejaribiwa ili kuuponya ukuta wa mapafu ulioharibika, na mpaka leo hakuna dawa moja inayoweza kufanya hivyo kwa wagonjwa wote. Kinachofanyika ni kutibu chanzo, kumpa mgonjwa oksijeni, na kuyapa mapafu muda wa kupona yenyewe.

Hata mashine ya kupumulia ina hatari yake. Mwaka 2000 utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 861 ulionyesha kwamba mashine ikisukuma hewa nyingi kwa kila pumzi huyaumiza zaidi mapafu yaliyokwisha kuumia. Kati ya kila wagonjwa 100 waliosukumiwa pumzi kubwa walikufa karibu 40. Kati ya kila 100 waliopewa pumzi ndogo walikufa 31. Hakuna dawa mpya iliyotumika hapo. Kilichobadilika ni upole tu.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, kulikuwa na tatizo jingine. Mwaka 2012 wataalamu waliokuwa wamekutana Berlin, Ujerumani, walichapisha makubaliano yao juu ya namna ya kuutambua ugonjwa huu. Kipimo chao kilidai mashine ya kupumulia, kipimo cha hewa iliyo ndani ya damu, na picha ya eksirei. Sasa fikiri juu ya zahanati ya kijiji, au hata hospitali ya wilaya: vitu hivyo vitatu vitapatikana wapi kwa pamoja? Kwa kipimo hicho, ilikuwa kana kwamba kwetu ugonjwa huu haupo.

Madaktari waliofanya utafiti katika hospitali kuu ya mafunzo ya Kigali, Rwanda, hawakuridhika. Badala ya kipimo cha damu walitumia kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole, na pale eksirei ilipokosekana walitumia ultrasaundi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Katika wagonjwa 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na jeraha hili la mapafu, na nusu yao walifariki. Chini ya theluthi moja ndio waliopata nafasi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa kipimo cha Berlin, asingehesabiwa hata mmoja. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa maelezo mapya ya ugonjwa huu, wakakubali kifaa cha kidoleni na ultrasaundi. Kumbe watu wetu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa ambao vitabu vilikuwa haviwaoni.

"Mtundikie dripu"

Wengi wetu tukimpeleka mtoto hospitali akiwa na homa kali tunaamini kwamba bila dripu hajatibiwa. Wapo wazazi wanaogombana na mhudumu kwa sababu hiyo. Tusikilize basi habari hii.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 watoto 3,141 wenye homa kali, ambao damu yao ilikuwa haizunguki vizuri, walishiriki utafiti katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa hospitali ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Huko Uganda mojawapo ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, Gulu. Baadhi ya watoto walimiminiwa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, wengine hawakumiminiwa. Wote walipata dawa na huduma nyingine. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa walikufa kati ya 10 na 11. Kati ya kila 100 wasiomiminiwa walikufa 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Baadaye ilionekana kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kuliko mapafu kujaa maji. Hata hivyo, kwa watu wazima wenye mapafu yaliyojeruhiwa, utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliopimiwa maji kwa uangalifu waliachana na mashine ya kupumulia mapema zaidi.

Tusielewe vibaya. Utafiti huo wa watoto haukuwahusu wanaoharisha. Mtoto anayeharisha na kukauka maji lazima arudishiwe maji, kwa ORS au kwa dripu. Tunachosema ni kwamba dripu ni dawa, nayo ina kipimo chake. Mwachie mtaalamu aamue, wala usimlazimishe.

Yaliyo mikononi mwetu

1. Mafuta ya taa na petroli. Siku hizi nyumba nyingi zina taa za sola, lakini mafuta ya taa bado yapo, na petroli ya bodaboda huuzwa katika chupa za soda na za maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Akinywa, hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni, kwa maana ni mepesi na husambaa upesi. Kwa hiyo usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Akitapika huyavuta mapafuni mara ya pili. Mvue nguo zenye mafuta, mwoshe ngozi, kisha mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Ni afadhali zaidi kuyaweka mafuta katika dumu lenye kifuniko, mahali pa juu, na kamwe si katika chupa ya kinywaji.

2. Degedege na kuzimia. Usimtie kitu chochote mdomoni mtu aliyepoteza fahamu: si maji, si uji, si dawa, si kijiko. Mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Fanya hivyo pia kwa aliyelewa kupita kiasi. Hali kadhalika, akina mama na akina bibi, tuache desturi ya kumbana mtoto pua na kummiminia uji kwa nguvu. Uji huo huenda mapafuni.

3. Salfa. Puliza ukiwa umeupa upepo mgongo. Funika pua na mdomo kwa barakoa, vaa miwani na nguo za mikono mirefu, kisha oga na ubadilishe nguo kabla ya kumshika mtoto. Watoto na wenye pumu wasikae karibu. Jambo kubwa zaidi ni hili: salfa ikishika moto hutoa gesi inayochoma njia ya hewa na inayoweza kuyajaza mapafu maji. Usivute sigara unapopuliza, usichome mifuko yake, wala usiihifadhi karibu na jiko. Aliyevuta gesi hiyo anaweza kujisikia nafuu kwanza na kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Asiachwe peke yake, apelekwe akachunguzwe.

4. Chanjo. Chanjo ya watoto inayokinga dhidi ya vijidudu vya nimonia ilianza kutolewa nchini mwaka 2013. Hakikisha kadi ya mwanao imekamilika, na ile ya surua pia.

5. Chandarua, na uzazi salama. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Homa ipimwe siku ileile. Mama ajifungulie kituoni, na akipata homa au uchafu wenye harufu mbaya baada ya kujifungua, asisubiri.

Dalili za kuwahi

Kila baba na kila mama anaweza kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia. Hesabu kwa dakika moja nzima. Ni hatari mtoto wa chini ya miezi 2 akihema mara 60 au zaidi. Wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi. Mtu mzima anayehema zaidi ya mara 30 akiwa amekaa tu, naye yumo hatarini. Dalili nyingine ni kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, midomo kugeuka rangi ya bluu, kushindwa kunywa au kunyonya, na kusinzia asiamke vizuri.

Ukiona mojawapo, usisubiri kukuche. Kutoka Namasakata hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Songea, ni safari ndefu, na mapafu yanayojaa maji hayangoji basi la asubuhi. Anzia kituo cha karibu chenye oksijeni. Omba apimwe kwa kile kifaa cha kidoleni. Hakiumizi, na huchukua muda mfupi tu.

Tunashauri habari hii isomwe katika jumuiya zetu ndogo ndogo, na kila familia ijiulize mambo matatu usiku huuhuu. Mafuta yetu yamo katika chombo gani? Salfa yetu imewekwa wapi? Na mtoto akizidiwa usiku, ni nani mwenye pikipiki tutakayemgongea mlango? Anayeyajibu leo hatahangaika siku ile.