KADI YA MAKTABA YAFUNGUA LANGO LA HIFADHI

Ndugu msomaji, ukienda maktaba unaazima nini? Bila shaka utajibu: kitabu. Jibu hilo ni sahihi. Lakini huko Marekani, katika majimbo kadhaa, watu huazima kitu kingine pia. Huazima pasi ya kuingia hifadhi bila kulipa.

Hifadhi za jimbo ni nini?

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina serikali yake na hifadhi zake. Hizo si Hifadhi za Taifa. Ni misitu, maziwa, milima na fukwe zinazotunzwa na jimbo lenyewe. Watu huenda huko kutembea, kuogelea na kutazama ndege.

Jimbo la California lina miti iitwayo redwood. Hakuna miti mirefu kuliko hiyo duniani. Mingine hupita mita 100. Huo ni kama urefu wa minazi minne, mmoja juu ya mwingine! Zamani miti hiyo ilikatwa ovyo kwa ajili ya mbao. Mwaka 1902 jimbo lilianza kuihifadhi mahali paitwapo Big Basin.

Ada ni kikwazo

Hifadhi hizo ni mali ya wananchi wote. Lakini langoni kuna ada. Katika hifadhi nyingi za California, gari moja hulipa dola 10 hivi kwa siku. Fedha hizo husaidia kutunza njia na vyoo na kulipa walinzi.

Kwa mtu mwenye mshahara mzuri, ada hiyo si kitu. Kwa mama mwenye watoto wanne na kipato kidogo, ni fedha ya chakula. Basi watoto wake huweza kukua karibu na msitu bila kuuona. Msitu ni wao, lakini lango limefungwa.

Pasi inavyotumika

Mwaka 2022 California iligawa pasi kwa maktaba zake za umma. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mtu alionyesha kadi yake ya maktaba. Akaazima pasi, kama anavyoazima kitabu. Pasi iliingiza gari moja la watu wasiozidi 9, katika hifadhi zaidi ya 200. Siku zake zilipokwisha, aliirudisha.

Pasi hiyo ilikuwa na mipaka. Haikulipia kulala kambini. Kama nafasi ya magari ilijaa, mwenye pasi hakupata upendeleo. Tena, asiye na gari hakufaidika sana, maana hifadhi nyingi ziko mbali na mji.

Jimbo la Colorado nalo lina mpango wake. Maktaba huazimisha mkoba wa mgongoni kwa siku 7. Ndani ya mkoba mna pasi, darubini, na maelezo ya kutambua maua na wanyama. Mtu husoma, kisha huona kwa macho yake kile alichokisoma.

Kurudisha ni wajibu

Pasi ni chache, na wanaozitaka ni wengi. Mmoja akichelewa kurudisha, jamaa nyingine inakaa nyumbani. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Basi dawa ya kitu cha kuazima ni kukirudisha kwa wakati, kikiwa kizima.

Wananchi nao wana wajibu wa kuulinda mpango wenyewe. Mwaka 2024 serikali ya California ilipungukiwa fedha. Mpango wa pasi ukawa hatarini kufutwa. Wapenzi wa maktaba na hifadhi hawakunyamaza. Waliwaeleza wabunge wa jimbo faida yake, na mwaka huo mpango ukasalimika.

Ndugu msomaji, funzo ni hili. Mali ya wote haina faida kwa mtu asiyeweza kuifikia. Wakati mwingine njia ya kuifikia ipo, imeandikwa kwenye tangazo ukutani. Anayejua kusoma huiona. Asiyeelewa na aulize, maana kuuliza si ujinga.

Jadili na wenzako

1. Kijijini kwenu kuna mali gani ya wote?
2. Je, kuna watu wanaoshindwa kuitumia? Kwa nini?
3. Mtu asiporudisha kitu cha wote, nani anaumia?