MGUU WA MTOTO UKIPINDA TENA

Wazazi ambao mtoto wao alizaliwa na mguu uliopinda kwa ndani hufurahi plasta ya mwisho iondolewapo, kisha huhuzunika waonapo, baada ya miezi michache, kisigino kikiinuka tena. Wengine husema ni laana. Sivyo. Kano zilizoupinda mguu tumboni mwa mama huendelea kuuvuta mtoto akuapo. Ndiyo sababu matibabu aliyoyaanzisha Daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, katika miaka ya 1940, hayakomi kwenye plasta. Mtoto huvikwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kila siku kwa miezi 3, halafu kila alalapo mpaka atimize miaka 4 au 5. Hapo ndipo wengi hushindwa: mtoto hulia usiku, mama humhurumia, viatu hutupwa uvunguni. Kama kiatu kinamchubua, kipelekwe kliniki kirekebishwe, bali kisiachwe.

Mguu ukirudi, hata mara ya pili, msikawie. Mara nyingi plasta chache hutosha kuunyosha, kisha viatu huvaliwa tena. Mtoto aliyepita miaka 3 huenda akapasuliwa, kano moja ya mbele ihamishwe upande wa nje, ipate kuuvuta mguu sawasawa.