Kituo cha Roketi: Haki Yako ya Kuulizwa

Kimbo iko mbali na bahari, lakini kituo cha kurushia roketi kikijengwa kwa fedha za umma, kodi yako imo. Kati ya 1967 na 1988, roketi zilirushwa kutoka baharini Ngomeni, karibu na Malindi, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru mwaka 1970. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakazi wa Ngomeni wamelalamika kwamba faida haiwafikii.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Tathmini ya athari hufanywa kabla ya ujenzi, na NEMA hupokea maoni ya umma. Mkutano ukitangazwa, hudhuria uulize: ardhi ni ya nani, wavuvi watazuiwa lini, na fidia italipwa na nani?