Breka Inaposhuka Kila Asubuhi

Saa kumi na mbili asubuhi. Jagi la umeme linachemsha maji ya chai, mafuta ya maandazi yako kwenye jiko la koili, na dada anapiga pasi sare za shule. Mara, tap! Vyote vimezimika, ila taa bado zinawaka. Baba anaipandisha breka. Baada ya muda inashuka tena. Jioni fundi anaitwa na kuambiwa: "Hii mbovu, tuwekee kubwa zaidi."

Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu breka ile ni nzima kabisa. Piga hesabu: jagi wati 2,200, jiko 2,000, pasi 1,800. Jumla wati 6,000, na kwa umeme wa volti 230 hizo ni ampea 26, zote zikipita kwenye breka ya soketi ya ampea 16. Ndani yake mna kibati cha metali mbili zilizoshikamanishwa. Kikipata joto, metali moja hutanuka zaidi kuliko nyingine, kibati kinapinda na kufyatua swichi. Kupinda huko huchukua dakika kadhaa, ndiyo maana chai huwahi kuiva kwanza.

Breka iliwekwa kuulinda waya uliopita ukutani. Ukiweka ya ampea 32, waya unabaki ule ule, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani yake huongezeka mara nne. Ganda la plastiki linaweza kuanza kuyeyuka pasipo mtu kuona, pengine juu ya dari, kwenye mbao.

Basi tazama inashuka vipi. Ikishuka baada ya muda, punguza mzigo: jagi, jiko na pasi vitumike kimoja baada ya kingine. Ikikataa papo hapo unapoipandisha, huenda ni shoti. Sumaku iliyo ndani hukata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Chomoa kila kitu, ipandishe mara moja tu, kisha chomeka kifaa kimoja kimoja. Kitakachoishusha ndicho kibovu. Ikishuka na soketi zote zikiwa tupu, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima meni swichi na umwite fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania, leseni hiyo hutolewa na EWURA.

Ile breka pana yenye kitufe cha T ina kazi nyingine. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Pengo la miliampea 30 tu, kwa zile za kulinda watu, linatosha kuikatisha. Ikishuka mvua inaponyesha au hita ya kuogea inapowashwa, umeme unavuja mahali, na mwili wa mtu unaweza kuwa njia yake. Usikubali iondolewe wala waya upitishwe pembeni yake. Bonyeza kitufe hicho kila baada ya miezi michache. Isiposhuka ilhali umeme upo, hiyo sasa ndiyo mbovu, ibadilishwe siku hiyo hiyo.