Kamera ya Bei Poa Chini ya Maji: Anza na Ndoo

Kwetu ni Kerenge, Korogwe. Bahari tunaisikia zaidi kuliko kuiona, ingawa tuko mkoa mmoja na Pangani. Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko huko nyumbani, nilisema darasani kwamba matumbawe ni wanyama. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, jiwe linakuwaje mnyama?" Kitabuni kulikuwa na mchoro mweusi tu usioeleweka. Nikaahidi kuleta picha.

Ahadi ni deni. Nikaazima kamera ndogo ya mwenzangu wa chumbani, nikanunua kifuko cha plastiki cha kuzuia maji, tukachanga watatu nauli ya boti kwenda Maziwe. Hii ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Siku hizi kisiwa chenyewe ni fungu la mchanga, linaonekana maji yakitoka na kumezwa yakijaa, ila matumbawe yanalizunguka. Nilizama mara moja, nikapiga picha nne, kioo kikawa cheusi. Kwenye mdomo wa kifuko nilikuta unywele mmoja. Unywele jamani! Bumu mbili ziliishia kulipa kamera ya watu.

Ndipo nikaanza kuuliza watu na kusoma. Haya ndiyo niliyotamani kuyajua mapema.

Kwanza, kina. Kila unaposhuka mita 10, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 10 tu umeshakuwa maradufu. Kifuko laini hubanwa hadi vitufe vinajibonyeza vyenyewe. Kifuko cha bei poa kitumie juu juu, mita moja au mbili. Ukitaka kushuka zaidi, tafuta kasha gumu lililoandikwa kina chake, na usikifikie kile cha mwisho. Simu inayosifiwa kuwa haiingii maji, nayo usiiamini: mara nyingi imepimwa kwenye maji yaliyotulia, tena yasiyo na chumvi.

Pili, jaribu kabla. Weka tishu kavu ndani ya kifuko bila kamera, funga, kandamiza kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa. Tishu ikitoka na hata doa dogo, hicho kifuko ni cha kuwekea nauli. Rudia kila safari, maana plastiki huchoka kwenye mikunjo.

Tatu, mdomo. Maji hayahitaji mlango, yanahitaji punje ya mchanga tu. Kama ni kasha gumu, lina ringi ya mpira. Itoe kwa kidole, usitumie kisu. Ifute, ikague kwenye mwanga, kisha ipake grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu. Ukizidisha, grisi yenyewe inakusanya mchanga. Fungia nyumbani asubuhi, usisubiri ufike botini ambako upepo unarusha chumvi.

Nne, ukungu. Hewa ya pwani ina unyevu. Kasha likigusa maji yenye ubaridi, unyevu ule unaganda kwenye kioo na picha zote zinatoka kama za moshi. Vile vipakiti vya chembechembe kwenye boksi la viatu, ambavyo tunavitupa, vinafyonza unyevu. Weka kimoja, na usiache kasha juani.

Tano, kutoka majini. Usifungue haraka. Loweka kasha likiwa limefungwa kwenye maji ya bomba, bonyeza vitufe ili chumvi itoke, futa, ndipo ufungue mdomo ukiwa umeelekea chini. Maji yakiwa yameingia, zima na utoe betri papo hapo. Usiwashe "kuona kama inafanya kazi", kosa nililofanya mimi. Chumvi ikikutana na umeme, vyuma vinaliwa haraka. Na mchele hauokoi kitu, pika ule.

Mwisho, ifunge kamera kwenye kipande cha boya ili ielee. Vaa jaketi la kuokoa kama hujui kuogelea vizuri, usikanyage matumbawe, na kamera ikizama kuliko pumzi zako, iache.

Likizo iliyofuata nilirudi na kamera ya mtumba ya kwangu, kwenye kasha lililofaulu ndoo mara tatu. Nilisogea karibu sana, maana maji hula rangi nyekundu kwanza na mbali kila kitu ni bluu. Nilipata picha kumi na moja nzuri, moja ikiwa na vijimdomo vya matumbawe vilivyochanua kama maua. Niliipeleka shuleni Kerenge. Yule mwanafunzi aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa linakula nini?"

Somo la kesho yake likawa limeshapatikana.