Je, Wajua? Si wingi wa viwanda, ni aina yake

Mji wenye viwanda kadhaa vya kushona nguo unaweza kutoa hewa ya ukaa kidogo kuliko mji wenye kiwanda kimoja tu cha saruji.

Saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na binadamu duniani. Mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto 1,450 hivi hadi yawe klinka, vipande vinavyosagwa kuwa saruji. Zaidi ya nusu ya hewa hiyo hutoka kwenye jiwe lenyewe, si kwenye makaa ya kuwashia tanuri. Hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua, jiwe litaendelea kuitoa.

Kiwanda kinachonunua klinka na kuisaga tu huonekana safi, lakini moshi umebaki kule ilikochomwa.

Ujirani wa viwanda nao una faida. Huko Kalundborg, Denmark, mvuke wa kituo cha umeme ulipelekwa kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta na cha dawa, na jipsamu iliyopatikana kwa kuondoa salfa kwenye moshi wa kituo hicho ikatengenezewa bodi za kuta.