"Kufunga" na "Kufungua" katika Maelezo ya Kigeuzi-Matriksi

Mota ya umeme iendeshayo kinu cha nafaka huko Nachingwea, au mtambo wa kuponda mawe ya kinywe huko Ruangwa, ikiungwa moja kwa moja na gridi haina hiari ya mwendo; hufuata umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Atakaye kuubadili mwendo huo hana budi kuweka kigeuzi katikati. Aina mojawapo ni kigeuzi-matriksi, ambacho kanuni zake za udhibiti zilielezwa na Venturini na Alesina mwaka 1980.

Nyaya 3 za gridi hukatana na nyaya 3 za mota, na penye kila makutano pana swichi, jumla 9. Hapana kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme njiani. Maelfu ya mara kwa sekunde, kila waya wa mota huungwa kwa zamu na nyaya za gridi, na kwa kupima urefu wa kila zamu wimbi jipya hufanyizwa. Kikomo chake ni sehemu 0.866 ya volti ziingiazo: katika volti 400 hupatikana takriban 346.

Sharti ni mbili. Waya mmoja wa mota usiunganishwe na nyaya mbili za gridi kwa pamoja, kwani mkondo mkubwa mno utapita kati yao. Wala usiachwe bila kuunganishwa, kwani mkondo wa mota ukikatizwa ghafula huzusha volti za kuziharibu swichi. Kwa hiyo, katika hali 512 ziwezekanazo, 27 tu ndizo halali.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Wahandisi husema swichi "imefungwa" umeme unapopita, na "imefunguliwa" unapokatika. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, afungaye bomba huzuia maji, na afunguaye redio huitaka iseme. Basi onyo "usifunge swichi mbili pamoja" laweza kueleweka kuwa ni katazo la kuzizima, hali makusudio ni katazo la kuziwasha.

Yafaa, basi, vitabu vya mafundi viache jozi hiyo na kutumia "kuunganisha" na "kutenganisha". Maneno haya hayana maana mbili zinazopingana, na fundi wa Ruangwa atayaelewa sawasawa na mhandisi aliyeyaandika.